Kabla Hujashika Mizani ya Watu

Mwanangu Zuhura,

Salamu tulishapeana asubuhi, na sasa uko njiani kwenda Kaole kumuaga bibi yako, kwa hiyo sikuulizi hali. Nimefunga ubao mmoja wa duka, mwingine nimeuacha wazi, nimekaa nyuma ya mizani naandika. Adhana ya alasiri imeshapita na wateja hawajaanza kuja. Mwandiko wangu unaujua. Mimi mtu wa darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nusu yake nilikuwa nasinzia. Usinisahihishe, soma tu.

Habari za chandarua, za kutokuoga maji ya baridi ukiwa na homa, za kutomwazima mtu kanga yako ya kutokea, hizo nimezisema mpaka umeanza kunimalizia maneno. Hapa nakuandikia jambo jingine. Wiki nzima hii nimekubali uende, nikakataa, nikakubali tena, mpaka nikakusikia unamwambia jirani kwamba mama ana mashetani. Sina mashetani. Nina wasiwasi, na wasiwasi wangu una asili yake, na nusu ya asili hiyo uliiona kwa macho yako ukiwa umesimama hapa hapa dukani.

Kesho unakwenda Ubena kwa Mama Shukuru, kumuuzia unga kwenye mashine yake ya kusaga. Na huyo Mama Shukuru mimi nilimnyima unga. Sasa niambie wewe, mtu uliyemnyima unga akiwa na shida, akaja baadaye kukuomba mwanao, akasema nitamlaza, nitamlisha, nitamlipa na kazi nitamfundisha, ungefikiri nini? Wewe uliruka ruka. Mimi nilifikiri, huyu anataka kunilipa ubaya wangu.

Acha nianze mwanzo, maana wewe uliona yaliyotokea lakini hukuona yaliyokuwa kichwani mwangu.

Lile tangazo la bei ya unga lilipotoka, mimi nilifurahi kama watu wote. Sembe ilikuwa imepanda mpaka watu wakawa wananunua robo robo kama dawa. Tukaambiwa bei ni hii, isizidi, kila duka libandike ukutani, na mwenye unga akisema hana, anafungiwa. Nikasema Alhamdulillahi, serikali imetukumbuka. Nilifurahi hivyo mpaka nilipokwenda kwa Bwana Nassor kuchukua viroba vyangu. Bwana Nassor, unamjua, ukoo wao umeuza vyakula mji huu tangu babu wa babu zake walipotoka Omani. Hajawahi kunidhulumu. Siku ile akanitajia bei ya kiroba, nikapiga hesabu pale pale nimesimama. Kwa bei yake ya jumla, nikiuza kama ukuta unavyosema, kila kilo ninayouza nampa mteja na hela yangu juu. Nikamuuliza, Bwana Nassor, tangazo hujalisikia? Akasema amelisikia, na wenye kiwanda wamelisikia pia, na wenye lori. Kila mtu amelisikia, akasema, lakini kila mtu anasema linamhusu mwenzake.

Nikachukua. Ningefanyaje? Duka lisilokuwa na unga watu hawaingii hata kununua kiberiti. Nikaibandika ile bei ukutani kama walivyotaka, halafu nikatundika mafagio mbele yake. Viroba nikavilaza chini ya kitanda chako, nikafunika mkeka. Unakumbuka ulivyolalamika kwamba unalala na vidudu. Juu ya meza nikaacha mfuko mmoja umefunguliwa, karibu mtupu, ili anayechungulia aone kwamba unga umekwisha. Wa kweli nikawa nauza kwa ninaowajua, kwa bei yangu, kwa sauti ya chini. Na sikuwa peke yangu. Mtaa wetu wote huu wa Dunda tulikuwa hivyo. Mama wa maandazi pale njia panda alipunguza andazi likawa dogo kama tonge la mtoto, watu wakimlalamikia anawaambia, nendeni mkalalamike kwenye tangazo, mimi nakaanga tu.

Kilichotuharibu si bei, mwanangu. Bei tungeizoea. Kilichotuharibu ni kutazamana. Ukasikia fulani kafungiwa, na usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amegombana na jirani yake. Basi jirani ndiye aliyesema. Ukasikia wakaguzi wanakuja wamevaa kama wateja. Basi kila mteja mgeni ni mkaguzi. Mwenye duka la pili kutoka hapa, aliyekuwa akiniazima chenji kila siku, akaacha kuja, nikasema huyu kajitenga ili siku nikikamatwa asihusishwe. Yeye naye, alivyokuja kuniambia baadaye, alikuwa ananiogopa mimi. Mtu akikohoa nje ya duka nikawa nasikiliza ni kikohozi cha nani.

Nikajitungia kipimo changu. Wewe hukukijua, nilikiweka moyoni. Nilisema mtu wa kwetu haanzi na bei. Mtu wa pwani akiingia dukani anapiga hodi, anatoa salamu, anauliza watoto, anauliza mgonjwa wa mwezi uliopita, anasema joto la leo, ndipo anafika kwenye unga kama amelikumbuka jambo dogo. Serikali, nikasema, haina muda huo. Mkaguzi ataingia na kuuliza unga upo au haupo. Kwa hiyo anayesalimu vizuri nitampimia, na anayekuja kavu kavu nitamwambia hakuna. Nililala vizuri nilipokipata kipimo hicho. Nilijiona mjanja wa mji.

Ndipo akaja Mama Shukuru. Wakati huo hatumjui hata jina. Mwanamke mrefu, ameshika bakuli na chupa ya chai, kanga moja kiunoni na nyingine begani. Hakupiga hodi. Akasimama mlangoni akasema, "Unga wa uji upo?"

Nikasema hakuna.

Akautazama ule mfuko mtupu juu ya meza. Halafu akautazama mkono wangu, maana nilikuwa nimetoka kumpimia mtu, na mkono ulikuwa mweupe mpaka kwenye kiwiko. Akasema, "Na huo mkononi?"

Mimi, kwa ulimi wangu huu, nikamjibu kwamba ni poda ya mtoto.

Akakugeukia wewe, ulivyosimama pale na urefu wako wote. Akakutazama kuanzia chini hadi juu. "Mtoto mwenyewe ndiye huyu?"

Ulicheka. Nilikufinya na ukanyamaza. Yeye hakucheka. Akaguna kwa kikwao, akaondoka. Nilitoka mlangoni nikamtazama mpaka akapinda kona, kuhakikisha haandiki kitu. Wewe ukaniambia, mama, yule ametoka hospitali, yule anauguza, hukuona chupa na bakuli? Nikakwambia wakaguzi wa siku hizi wanabeba hata watoto wa kuazima, sembuse bakuli. Nakumbuka ulinitazama vipi. Halafu ukasema unakwenda kuchota maji.

Jioni ile ile akaingia yule mwingine. Huyo nilimpenda kabla hajakaa. Buibui safi, mkono una hina iliyoanza kufifia. Akapiga hodi, akangoja aitikiwe. Akaniamkia ingawa kanizidi umri kidogo, nikaona haya nikamrudishia shikamoo yake. Akauliza biashara, akauliza wewe unasoma wapi. Nikataja Kaole, akasema ana mtu wake aliolewa huko, akaniuliza mama yangu ni wa mtaa upi. Nikamtolea kigoda. Tukazungumza hitima, kwamba ana hitima ya baba yake na anataka ngano ya maandazi kidogo na sembe kidogo, na maduka yote wanamwambia hakuna, sijui nchi hii inakwenda wapi. Nikamwambia dada yangu, hapa huwezi kukosa. Nikaingia ndani, nikafunua mkeka mimi mwenyewe. Nikampimia, nikamwongezea kiganja kizima kwa ajili ya marehemu, nikamtajia bei yangu. Akalipa bila kuomba kupunguziwa. Hapo tu ndipo ilipaswa kunishtua, mwanamke wa pwani asiyeomba kupunguziwa.

Akatoka. Akarudi na mwanamume mwenye kufuli.

Na unajua, mwanangu, hata alipokuwa anatufungia hakubadilika. Hakupaza sauti. Alisema, "Samahani dada yangu, ndiyo kazi yangu. Na kweli nina hitima." Nimeyageuza maneno hayo mara nyingi. Mwanzoni niliyachukia kuliko kufuli. Siku hizi nadhani alisema kweli. Alikuwa mtu wa kwetu, na alikuwa mkaguzi, na vyote viwili vilikaa ndani ya buibui moja bila kugombana. Kipimo changu hakikuwa kibaya kwa sababu aliongopa. Kilikuwa kibaya kwa sababu nilikuwa napima mtu kwa kitu ambacho hakisemi lolote. Salamu nzuri inakwambia mtu kalelewa vipi. Haikwambii kaja kufanya nini.

Tulipofungiwa nilikwenda kwa Bwana Nassor kugombana. Nilitaka kumtukana mtu, na yeye alikuwa karibu. Nilikuwa na hakika ghala lake limejaa, maana lilikuwa na makufuli mawili na mlinzi amekaa mlangoni, na mji mzima ulikuwa unasema Mwarabu kaficha. Nikamwambia mbele ya watu kwamba anatufunga sisi wadogo ili yeye auze baadaye. Akanishika kwa upole pembe ya kanga, akanipeleka, akafungua makufuli yote mawili. Ndani hamna kitu. Sakafu na ufagio. Akafunga tena, akaniambia kwa sauti ya kuomba, "Mama Zuhura, usiseme. Wakijua sina, hakuna lori litakalosimama kwangu tena."

Sikusema, hadi leo ninapokuandikia. Mzee yule alikuwa radhi aitwe mwizi kuliko kuitwa mtu aliyeishiwa. Nikarudi nyumbani sina hata mtu wa kumchukia, na hilo ni gumu kuliko unavyofikiri.

Tulilipa faini, tukafunguliwa. Sasa bei iko ukutani na mafagio nimeyatundika upande wa pili. Unga nauza kama ilivyoandikwa, naambulia kwenye sabuni na mafuta ya taa. Tunaishi. Na nina imani mambo haya yatanyooka, wala sisemi hivyo kukupa moyo. Nimeanza kuona lori likishusha kwa Bwana Nassor mchana kweupe.

Basi katikati ya hayo ndipo simu ikalia, sauti ngeni, imechukua namba yetu iliyoandikwa kwa rangi kwenye mlango. Anaitwa Mama Shukuru, yuko Ubena, ana mashine ya kusaga karibu na barabara kuu. Yeye ndiye yule wa bakuli. Mama yake alilazwa hapa, alipotoka ndipo akapita Dunda akaona duka letu lina kufuli na karatasi, akauliza, akaambiwa. Anasema kijana wake wa mizani ameondoka, anamtaka yule binti wako mrefu. Nikamwambia nitafikiri. Nikafikiri kwa njia ninayoijua mimi.

Nikasema, huyu mtu anasaga unga mwenyewe, siku ile alikosa wa uji wa mama yake kwa sababu yangu. Hawezi kusahau. Halafu nikasikia mambo ya mgawo, kwamba huko njia ya Chalinze wenye mashine wanapewa mahindi ya bei nafuu kwa kuhesabu maduka, na wenye tamaa wanafungua duka la pili kwa jina la mtu mwingine. Msichana mmoja wa hapa hapa Dunda alifanyiwa hivyo. Jina lake likaandikwa kwenye leseni, akafurahi, akapiga picha chini ya kibao. Kufuli lilipokuja, tajiri alikuwa safarini, akashikwa mwenye jina. Nikasema, ndiyo hiyo. Zuhura wangu amemaliza kidato cha nne na ana uso wa ukweli. Jina kama lake ndilo wanalolitafuta.

Ndiyo maana nilikuwa nakubali na kukataa. Sikuwa na mashetani.

Leo ulipoondoka tu kwenda Kaole nikampigia. Nilingoja utoke, nisikufiche. Sikuzunguka. Nilimwambia, Mama Shukuru, leseni ya hiyo mashine ina jina la nani? Akacheka, kwa mara ya kwanza nimemsikia akicheka.

"Ina jina langu, na itakufa na jina langu. Wewe mwanamke unauliza kama polisi."

Nikamwambia nimefunzwa na polisi wenyewe. Nikaendelea, nikamuuliza la pili, lililonikaa kooni. Nilikunyima unga. Mgonjwa wako alikuwa na njaa. Wasichana wamejaa Ubena, wamejaa Chalinze, kwa nini unamtaka wangu?

Akasema, "Kwani hakukwambia?"

Zuhura. Hukunambia. Yule mama ndiye aliyenambia, kwa simu, mimi nimesimama hapa na jiwe la mizani la kilo moja mkononi. Kwamba siku ile hukwenda kuchota maji. Kwamba ulimkimbilia, ukampata karibu na ukuta wa shule, ukamtolea unga kwenye pembe ya kanga yako, umejaa mpaka unamwagika. Kwamba alitaka kukulipa kwa bei ya ukutani, ukakataa, ukamwambia, mama yangu si mtu mbaya, anaogopa tu. Alisema mama yake alikunywa uji usiku ule. Alisema, mashine yangu ina wizi wa kila aina, nimechoka na watu wanaojua kupima, nataka mtu anayeona.

Kilichonijia kwanza nitakwambia kweli, maana nimeahidi ukweli. Kilichonijia kwanza si furaha. Nilisema, kumbe ndiye panya. Wiki ile niligundua kiroba kimepungua, nikatega mtego, nikamshuku mpaka kijana wa maji, nikaacha kumuagiza. Ukanitazama natega na ukaniletea dagaa la kuweka kwenye mtego. Halafu nikajiuliza, ni mangapi mengine sijui? Nikaketi. Nikaanza kukupima wewe mwanangu kwa macho yale yale niliyokuwa nikiwapima wateja. Hapo nikaogopa, nikajua ugonjwa wangu umefika wapi.

Ndipo nikalia kidogo, mteja akaja akaniuliza kuna nini, nikamwambia kitunguu.

Sasa nimeamua. Uende. Sitakataa tena hata ukirudi usiku huu ukanikuta na uso mbaya. Sina cha kukufundisha kuhusu kumwona mtu, umeniona mimi nilivyokuwa na hukunidharau mbele ya mgeni. Lakini kuna jambo moja dogo nalijua kuliko wewe, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwenye kiroba.

Unga uliompa ulikuwa wangu. Siku ile nilikuwa nauza kwa woga ili nikulipie mtihani, na wewe ukatoa bila kuniuliza. Ulifanya vizuri, na kama ungeniuliza ningekataa, nalijua hilo, na bado nasema ulipaswa kuniuliza. Ubena utakuwa unapima unga wa mwenzio. Watakuja wenye bakuli, kila siku watakuja, wengine wa kweli na wengine wa kuazima kama nilivyosema mimi, na hutaweza kuwajua kwa salamu wala kwa nguo. Utamwonea mtu huruma. Nenda kamwambie Mama Shukuru kwa mdomo wako, huyu nataka kumpa. Akikubali, mpe mpaka umwagike. Akikataa, toa kwenye mshahara wako. Siku utakapotoa kwenye mshahara wako ndipo utajua kama una huruma, au ulikuwa tu na ufunguo wa watu.

Basi mwanangu, kwanza nakuweka mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na baada yake nakuachia akili yako mwenyewe, ambayo leo nimeambiwa ni kubwa kuliko nilivyodhani. Bodaboda imesimama nje, nadhani ni wewe. Barua hii naikunja, nitaitia kwenye begi lako chini ya nguo. Usiisome kabla ya Ubena.

Ni mimi mama yako,
Mwanahawa